Isimame Yenyewe

INATANGAZWA kwa marubani, abiria, wachungaji wa mbuzi na wananchi kwa ujumla kwamba soksi ya upepo ya uwanja huu imeshushwa kwa ajili ya kufuliwa, na itarejeshwa mlingotini mara itakapokauka. Katika kipindi hicho wote mnaombwa kuwa wavumilivu. Kwa amri: Msimamizi wa Uwanja.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi, mahali ambapo rubani aliye angani hawezi kulisoma. Wachungaji wa mbuzi walilisoma, wakavumilia.

Soksi ya upepo, kwa asiyeijua, ni mfuko mrefu wa kitambaa, mpana mdomoni na mwembamba mkiani, unaofungwa juu ya mlingoti. Upepo ukilala, nao hulala; upepo ukivuma kwa nguvu, hujaa na kunyooka kama mkono unaoelekeza njia. Rubani huutazama kutoka juu, akajua upepo unatoka wapi, kisha akatua akiukabili ili umsaidie kusimama. Soksi ya uwanja huu ilikuwa ya pamba, ya rangi ya chungwa, na ilishonwa na binti wa Msimamizi. Binti huyo alikuwa fundi cherehani na watu walimwita Fundi, pamoja na wale waliomjua kabla hajaushika uzi. Aliishona kwa mishono midogo, miwili miwili, kwa uangalifu ambao upepo hauudai. Waliolitambua hilo walikuwa wawili. Wa kwanza ni shangazi yake, dobi, ambaye kila nguo ipitayo mikononi mwake humsimulia habari za mwenyewe. Wa pili ni rubani aliyeleta barua na dawa kila wiki, na ambaye kwa miezi kadhaa aliizunguka soksi hiyo mara nyingi kuliko usalama wa anga unavyohitaji.

Fundi, kwa upande wake, alikuwa na mazoea ya kuondoa mguu kwenye cherehani kila aliposikia mlio wa injini. Aliwaambia wateja kwamba kelele humpotezea mshono. Wateja walikuwa na masikio pia, walijua mlio upi humpotezea na upi haumpotezei, lakini hawakumuuliza.

Soksi ilifuliwa, ikakauka, ikarudishwa. Siku hiyo hiyo rubani akaja. Aliitazama kutoka juu, akaiona imenyooka kama rula, ikieleza kwamba upepo mkali unavuma kutoka mashariki. Akageuza ndege, akashuka kwa mwendo wa mtu anayekwenda kupambana. Huku chini, moshi wa pasi ya mkaa ya Shangazi ulikuwa ukielekea mashariki bila haraka yoyote. Ndege iligusa ardhi, ikaendelea kuigusa hadi ardhi ya uwanja ikaisha, ikapita kwenye uzio, ikaingia katika shamba la maharage, na huko ikainamisha pua na kuinua mkia. Katoni za dawa zilisalimika. Propela ilijikunja. Mtulinga wa rubani, mfupa mwembamba ulio kati ya shingo na bega, ulivunjika.

*

Zahanati ilikuwa na chumba kimoja cha wagonjwa, chenye dirisha lililotazama uwanja. Rubani aliketi kitandani, mkono wa kushoto umefungwa kifuani, na alipomwona Fundi mlangoni alijaribu kusimama. Mfupa ulimkatalia.

"Kaa," alisema Fundi. "Umeshasimama vibaya mara moja leo."

"Umekuja kuona maiti?"

"Nimekuja kuulizia maharage. Mwenye shamba anasema hajawahi kuona mtu akilima kwa kasi hiyo."

"Amekasirika?"

"Anasema ungengoja yakauke kwanza, ungeyapura kabisa."

Rubani alicheka, akajuta. Fundi alisogea, akaushika ukingo wa bandeji kana kwamba anakagua pindo. Vidole vyake vilikuwa baridi. Vilikaa pale kwa muda mrefu kuliko ukaguzi wa pindo unavyochukua, na hakuna kati yao aliyelitaja jambo hilo.

"Nilipousikia mlio umekatika," alisema, akiitazama bandeji, "nilikimbia na mkasi mkononi. Sijui nilitaka kukata nini."

"Nilikuona. Nikasema, kumbe mzee ameshampa binti yake silaha."

"Usinichekeshe. Sitaki kulia mbele ya mganga."

Aliiachia bandeji. Rubani akatazama nje, kwenye mlingoti.

"Ile soksi imenidanganya, Fundi."

"Soksi yangu haidanganyi."

"Ilinyooka vile inyookavyo penye upepo mkali. Hata sasa, itazame. Kuna upepo hapa?"

Pazia la dirisha lilikuwa limening'inia bila kutikisika. Kule nje soksi ilikuwa imenyooka vilevile. Fundi aliitazama kwa wasiwasi, kama mzazi anayeambiwa na mwalimu habari za mtoto wake.

Ndipo Shangazi alipoingia, na shati jeupe limelala mkononi mwake.

"Pole, mwanangu. Mungu ni mwema, maharage ni laini. Nimekuletea shati lako uliloniachia. Hilo ulilovaa limekwisha."

Rubani alilipokea kwa mkono mmoja. Shati lilijikunja na kulegea kama mtu aliyezirai.

"Shangazi, mbona halina wanga?"

"Hukuniagiza wanga."

"Niliagiza. Nilimpa Fundi maneno akufikishie."

Shangazi alimgeukia binti wa kaka yake. "Siku ile uliniambia nini? Usiongeze, usipunguze."

"Nilisema alivyosema yeye," alijibu Fundi. "'Itiwe wanga mwingi, mpaka isimame yenyewe.'"

"Isimame."

"Ndiyo."

"I. Mbele yangu yapo mabeseni mawili. Hili lina shati, hili lina soksi. Shati ni nani? Shati ni *li*. Lisimame lenyewe. Ninyi mmesema isimame yenyewe. Nikasema haya, ni soksi. Nikashangaa kidogo, sikatai. Lakini nani anamfundisha rubani mambo ya upepo? Nikaimiminia sufuria nzima."

Walimu wa lugha hulalamika mara kwa mara kwamba uzembe katika upatanisho wa maneno unaiumiza lugha. Haikuwahi kuripotiwa kabla ya hapo kwamba unaweza kuvunja mtulinga.

"Mimi ndivyo ninavyosema," alisema rubani taratibu. "Shati inatosha. Gari inakuja. Jina yako..."

"Jina lako," walisema shangazi na binti kwa pamoja.

Fundi alikuwa amelishika shati, akilipapasa kola, na swali alilouliza lilianza kwa sauti ya fundi na kuishia kwa sauti nyingine.

"Ulitaka kwenda wapi na shati linalosimama lenyewe?"

Rubani alimtupia Shangazi jicho. Shangazi aliwatazama wote wawili, akasema kwamba ameacha pasi motoni, akatoka. Pasi yake ya mkaa haiwekwi motoni. Moto ndio huwekwa ndani ya pasi. Hakuna aliyemsahihisha.

"Kwa baba yako," alisema rubani mlango ulipofungwa. "Leo. Nilitaka nishuke, nivae, niende nikaombe kama watu wanavyoomba."

Fundi alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa amelisubiri neno hilo kwa muda mrefu, na sasa lilimfikia katika chumba chenye harufu ya dawa, kutoka kwa mtu asiyeweza hata kunyoosha mikono miwili.

"Na mimi ulipanga kuniambia lini?"

"Nilikwambia kila wiki. Nilikuwa nazunguka juu ya dirisha lako."

"Nilidhani unatafuta upepo."

"Upepo hautafutwi mara nne."

Fundi aliinamisha uso usionekane. Alipouinua, tabasamu lilikuwa limekwisha kupita, na hofu imechukua nafasi yake.

"Kamati inakuja kesho kutoka makao makuu," alisema. "Baba amepigiwa simu. Kosa likiwa lako, wanakunyang'anya leseni."

"Najua. Nitasema ni langu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikisema ni soksi, wataulizwa walioiosha na aliyeamuru ioshwe. Huyo ni baba yako. Na nikieleza wanga ulitoka wapi, atasikia habari za posa mbele ya watu, kutoka kwa kamati. Unajua kwa nini ananiita Mwewe?"

"Kwa sababu unaruka."

"Kwa sababu mwewe hashuki bure. Alilisema hilo mbele yangu, huku anakutazama wewe."

"Si ubaya," alisema Fundi. "Huwa anasema, 'Nimepokea ndege maisha yangu yote, sijaona iliyokuja kukaa.' Anaogopa nitabaki nikitazama juu mpaka shingo iote nundu."

"Basi niache niseme ni kosa langu. Yeye abaki na kazi yake."

"Na mimi nibaki na nini? Bila leseni utarudi kwenu. Utanizunguka na nini, baiskeli?"

"Fundi..."

"Hapana. Mshono ukikosewa haufichwi kwa kupiga pasi juu yake. Unafumuliwa."

Alilikunja shati, akaondoka nalo. Mlangoni aligeuka, wakatazamana, na kila mmoja aliona kwamba mwenzake hana nia ya kumtii.

*

Kamati iliketi katika chumba cha kusubiria abiria. Viti vya chumba hicho vimeunganishwa kwa chuma kimoja, hivyo kila mwenyekiti alipojisogeza, wajumbe nao walisogezwa. Msimamizi wa Uwanja alisimama kando ya mlango akiwa amevaa kofia ya kazi. Shangazi alikaa katikati ya watu, mikono mapajani.

Rubani aliulizwa chanzo cha ajali. "Nilikosea," alisema. "Nilisoma upepo vibaya."

Mwenyekiti aliridhika. Alikuwa amekuja na majibu hayo kutoka makao makuu, na alifurahi kuyakuta yamefika kabla yake. Alianza kufunga kalamu. Fundi akasimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, rubani hakukosea. Soksi ilinyooka bila upepo."

"Ilinyooshwa na nini?"

"Wanga, mheshimiwa."

Karani aliacha kuandika, akainua uso.

"Wanga," alirudia mwenyekiti. "Wanga wa nani?"

"Wa shangazi yangu."

Lugha yetu, kwa sababu zake yenyewe, imewapa jina moja ule unga unaokaza kola na wale watu wanaosemekana kutoka usiku kuwadhuru majirani. Kwa kawaida maneno yanayofuata huwatenganisha. Hayo ya Fundi hayakuwatenganisha. Waliokaa karibu na Shangazi walikumbuka kwamba kulikuwa na viti vingine upande wa pili.

"Binti," alisema mwenyekiti, "ofisi hii haishughuliki na imani za watu. Shangazi yako ana wanga wangapi?"

"Sufuria moja," alijibu Shangazi mwenyewe, akisimama. "Wanga wa muhogo, mheshimiwa. Wa kufulia. Kama huo uliopo kwenye kola yako, ila aliyekufulia ameubania."

Mwenyekiti aliigusa kola yake.

"Karani, futa."

"Nimeshaandika kwa wino, mheshimiwa."

"Basi endelea. Binti, kwa nini soksi ya umma itiwe wanga?"

Hilo ndilo swali ambalo Fundi alijua njia nzima kwamba litakuja. Alimtazama rubani, naye akatikisa kichwa kidogo, kumwomba asiseme. Kisha akamtazama baba yake, na akasema akiwa anamtazama yeye.

"Haukuwa wa soksi. Ulikuwa wa shati la rubani. Nilifikisha maagizo, na maagizo yalikuwa na herufi isiyo yake. Alitaka lisimame vizuri siku atakapokwenda kwa baba yangu kuomba."

"Kuomba nini?" aliuliza Msimamizi kutoka mlangoni. Sauti yake haikuwa kubwa.

"Mimi, baba."

Kiti kililia, na kamati nzima ikatikisika. Mwenyekiti alimgeukia Msimamizi, akamuuliza kama ana la kusema.

"Kama Msimamizi, ninalo," alisema mzee, akavua kofia. "Amri ya kufua ilikuwa yangu. Aliyeirudisha soksi mlingotini ni mimi, kwa mikono hii. Niliisikia ni ngumu. Nikadhani ni usafi."

"Na kama baba?"

"Kama baba sijaulizwa bado."

Kamati iliomba faragha ili itafakari. Watu wakatoka nje.

*

Walisimama chini ya mlingoti, Msimamizi, binti yake na rubani. Shangazi alikuwa hatua chache nyuma, akijifanya anatazama uzio. Soksi ilielekeza magharibi kwa uhakika mkubwa. Jani halikutikisika.

"Mwewe," alisema Msimamizi.

"Naam, mzee."

"Ungekuja na shati lililolegea, ungenikuta mimi ni yuleyule."

"Sikulijua hilo, mzee."

"Umewaambia wale umekosea. Nani alikutuma unilinde?"

"Hakuna."

"Binti yangu naye kaifumua siri yake mbele ya wageni ili akulinde wewe. Mimi nimejichongea nimlinde dada yangu. Wale humo ndani watadhani uwanja mzima hauna mtu mwenye akili timamu."

"Mimi sikumlinda mtu," alisema Shangazi kutoka kwenye uzio. "Niliagizwa kila kitu kwa herufi i."

Msimamizi hakugeuka. Fundi alikuwa ameukunja ukingo wa gauni lake vidoleni, anaukunja, anaukunjua.

"Baba. Unakataa?"

"Nimesema nini siku zote? Nimepokea ndege maisha yangu yote. Sijaona iliyokuja kukaa."

Rubani alitazama shamba la maharage. Ndege yake ilikuwa imezamisha pua udongoni na kuinua mkia, kama kuku anayechakura. Tayari kuku halisi alikuwa chini ya bawa lake, kivulini.

"Ile pale imekaa, mzee."

Msimamizi aliitazama ndege, akamtazama na kijana, kwa utulivu wa mtu aliyezoea kusubiri vitu vitokezee angani.

"Ile imekwama," alisema. "Kukaa na kukwama si kitu kimoja."

"Najua. Nilianza kukaa kabla ya kukwama. Muulize binti yako nilikuwa nikizunguka wapi."

"Sina haja ya kumuuliza. Ninao uwanja, ninayo macho. Ulikuwa ukipoteza mafuta. Ukipona, utafanya nini asubuhi isiyo na ndege?"

"Nitaanza na uzio wa yule bwana wa maharage. Kwa mkono mmoja nitachelewa."

"Atachelewa," alisema Fundi. "Nitamshikia msumari."

Mzee alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. Alipozungumza, alizungumza na dada yake.

"Dada, lile shati lake liko wapi?"

"Fundi amelirudisha kwangu, kaka."

"Litie wanga. Mwingi. Lisimame lenyewe. *Li*. Umesikia?"

"Nimesikia," alijibu Shangazi. "Mimi ndiye pekee niliyekuwa nasikia tangu mwanzo."

"Sijasema nimekubali. Mtu hasikilizwi akiwa amefungwa bandeji. Nimesema shati litiwe wanga."

Fundi alimtazama rubani, naye akamtazama, na katika mtazamo huo mlikuwa na mambo ambayo mzunguko wa kila wiki juu ya dirisha haukuwahi kuyamaliza. Alinyoosha mkono, akaiweka sawa bandeji iliyokuwa sawa. Baba yake aliona. Aligundua ghafla kwamba uzio, kule alikokuwa dada yake, ulihitaji kutazamwa na watu wawili.

Karani aliwaita ndani. Mwenyekiti alisimama, jambo lililowapa wajumbe wake nafuu, akasoma:

"Kamati, baada ya kusikiliza pande zote, imeridhika kwamba ajali ilitokea. Kuhusu chanzo, upepo wa siku hiyo utahesabiwa kuwa ulivuma kama soksi ilivyoonyesha, na pia kwamba haukuvuma, hadi utakapopatikana ushahidi wa ziada. Suala la wanga, wa aina zote mbili, linapelekwa kwa mamlaka husika mara mamlaka hiyo itakapofahamika. Soksi isifuliwe wala isiguswe, kwa kuwa ni kielelezo. Leseni ya rubani haijafutwa wala haijarejeshwa. Msimamizi hajapatikana na hatia wala hajasafishwa, na ndiye atakayekuwa mtunzaji wa vielelezo vyote. Hadi hapo itakapoamuliwa vinginevyo, ndege, rubani, soksi na shati visiondoke uwanjani hapa kwa sababu yoyote. Vikae."